Sabo Namba Arobaini na Moja

Mwaka ule miguu yangu ilianza kukua, na mimi nilikuwa nimeshapita miaka hamsini. Nasema ilianza kukua kwa sababu ndivyo nilivyoamini, na niliamini hivyo kwa miezi, mimi muuguzi mzima niliyesomea mwili wa binadamu mpaka nikapewa cheti.

Nafanya kazi katika chumba cha upasuaji, hapa Rusizi, hospitali sitaitaja. Wenyewe tunakiita bloku. Kazi yangu ni kusimama karibu na daktari na kumtia vyombo mkononi kabla hajamaliza kuvitaja. Kusimama, nimesema. Mama wa kupasuliwa atolewe mtoto anachukua saa moja mambo yakienda vizuri. Utumbo uliojisokota ni saa tatu, nne, na kuna siku wagonjwa wanafuatana kama malori pale mpakani. Hukai, huegemei, hujikuni. Ukishavaa glavu safi, mguu ukianza kuuma utauma hivyohivyo mpaka mgonjwa ashonwe.

Ndiyo maana viatu vya bloku kwangu si mchezo. Watu wananiona katika soko la Kamembe nikikibonyezabonyeza kiatu kama ninayenunua parachichi, wanacheka. Wacheke. Kiatu cha bloku lazima kizibe mbele na juu, kwa sababu mkasi ukiponyoka unashuka na ncha, na damu haichagui pa kumwagikia. Vile vya matundu juu, vya rangi za peremende, ambavyo wasichana wetu wanavipenda, sivitaki hata vya bure. Kisigino kisipite upana wa kidole. Nyuma kuwe na mkanda, kisikuvuke ukigeuka. Soli isiteleze, na hilo nalijaribu palepale, namwomba muuzaji amwage maji kwenye kigae nipande juu yake kwa mguu mmoja. Tena kiatu hununui asubuhi. Unakwenda baada ya kazi, mguu ukiwa umeshavimba, maana huo ndio mguu utakaokivaa.

Yote hayo nayajua. Nayajua na bado nilichanganyikiwa kama mtoto.

Sabo zangu za zamani, ndivyo tunavyoviita viatu hivyo vya kutumbukiza mguu tu bila kamba, zilikuwa za mpira mzito mweusi. Zilidumu miaka mingi mpaka soli ikapasuka. Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza viatu Kamembe, mtu wa Bukavu, anayevuka mpaka wa Rusizi ya kwanza na mizigo yake karibu kila siku. Mimi nami nilizaliwa Bukavu nikaolewa upande huu, na yule mama anaongea kama marehemu mama yangu, kwa hiyo namvumilia mengi.

"Hibi ndiyo biko bien, Maman," aliniambia, yaani hivi ndivyo vizuri, akinitolea sabo nyeupe za sponji ngumu. "Biepesi. Utasahau kama umevaa."

Zilikuwa nyepesi kweli. Nikabonyeza, nikakunja, nikasimama kwenye kigae chenye maji mpaka yeye mwenyewe akachoka kunitazama. Namba thelathini na tisa, namba yangu tangu nilipoolewa. Nyuma ya kisigino kidole changu kiliingia bila kusukuma. Nikazichukua, nikaenda nyumbani nimefurahi, na sifichi kwamba mtu wa umri wangu anaweza kufurahia kiatu.

Wiki tatu zilikuwa raha tupu. Wiki ya nne kidole gumba cha kulia kilianza kugusa mbele. Wiki ya sita vidole vyote vilikuwa vimejikunja ndani, na siku moja katikati ya henia nilimpa daktari koleo badala ya mkasi. Aliangalia lile koleo, akaniangalia mimi, akalirudisha. Mimi sikosei mambo ya namna hiyo. Nilitoka pale masikio yakiwaka moto.

Nikaanza kujipima. Nilibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole kuona kama panabaki shimo, hapakubaki. Presha ilikuwa nzuri. Mkojo ulikuwa safi, msichana wa maabara akaniambia figo zangu ni za bibi harusi. Niliacha chumvi, mzee wangu nyumbani akalalamika kwamba maharagwe hayana ladha, nikamwambia ale au aache. Jioni niliiloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, nikaitazama humo ndani ya beseni. Ilikuwa miguu ileile.

Na hapo ndipo kichwa kilipozidi kunizunguka. Jumapili nilikuwa navaa viatu vyangu vya kanisani, namba thelathini na tisa, vya ngozi, na miguu inaingia vizuri kabisa. Nasimama misa nzima, nakwenda nyumbani kwa miguu, hakuna kitu. Jumatatu asubuhi navaa sabo, vidole vinalia. Sasa ni mguu gani unaokuwa mdogo siku ya Bwana na kukua siku ya kazi?

Nikarudi kwa yule mama. Akanipa namba arobaini. Ikanitosha, tena ikabaki nafasi. Baada ya wiki tano ikaanza kunibana. Nikarudi. Akanipa arobaini na moja, akiniangalia kwa jicho la pembeni.

"Nyuma ya hii ni biatu bya banaume, Maman," alisema. "Mimi sina shida. Nakuambia tu ujue."

Nyumbani mzee wangu alipoona nimeandika arobaini na moja kwenye kikaratasi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema mara ya mwisho miguu yangu kuvimba alipata binti, kwa hiyo kama kuna habari namficha, bora niseme mapema atafute jina. Siku nyingine ningecheka. Siku ile niliingia chumbani nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu nilishaanza kuogopa.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Wauguzi ambao miguu imechoka huondolewa bloku, wanapelekwa kule mbele, kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kupima watu uzito na joto. Ni kazi ya heshima, siidharau. Lakini mimi bloku ndipo mahali pekee duniani ambapo mikono yangu haihitaji kuuliza. Nyumbani nauliza, kanisani nauliza, kwa wakwe zangu ndiyo usiseme. Pale kwenye taa ile kubwa naweka mkono tu na chombo kipo. Kuniondoa pale ilikuwa ni kuniambia nianze kuwa mzee kuanzia kesho asubuhi.

Namba arobaini na moja nayo ikabana.

Nilimpigia yule mama simu nikamfokea. Nilimwambia viatu vyake ni vya uongo, namba zimebandikwa na watu wasiojua kusoma. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Uniletee iyo kiatu nione na macho yangu," alisema.

"Haitoki."

"Haitoki namna gani? Kiatu yako iko mufungwa?"

Nilijaribu kumweleza. Mlangoni mwa bloku kuna mstari mwekundu umepakwa sakafuni. Viatu vya nje vinaishia pale, viatu vya ndani vinaanzia pale. Cha ndani hakivuki kwenda nje mpaka siku kinapokufa, na kikifa kinachomwa. Jozi zangu mbili za kwanza za sabo nyeupe zilishachomwa na kuwa majivu. Mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi kwa ajili ya mstari ule. Nimewahi kumrudisha daktari mgeni akaenda kubadilisha, na alikuwa ameshanawa mikono. Kwa hiyo nilichoweza ni kupiga picha nikamtumia. Alijibu baada ya dakika tano kwamba anaona sabo nyeupe, anaona na namba arobaini na moja kwenye soli, na biko bien. Picha haina sentimita. Nilitaka kuirusha ile simu.

Ijumaa moja, baada ya upasuaji mara mbili mfululizo, nikiwa nimesimama kwa visigino, vidole vimening'inia hewani ndani ya kiatu, niliandika barua. Niliandika kwamba miguu yangu haiwezi tena, naomba nihamishiwe mbele. Nikampa mkuu wa bloku, ambaye ni huyohuyo daktari ninayesimama naye. Aliisoma amesimama. Akasema atanijibu Jumatano, baada ya kikao. Sura yake ilikuwa ya huzuni, na huzuni ile ndiyo iliyoniuma, kwa sababu hakushangaa.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kutoka. Nikaangalia kushoto na kulia, nikaichukua sabo moja ya kulia, nikaifutafuta kwa dawa, nikaifunga kwenye kitambaa kisha kwenye gazeti, nikaitia ndani ya mkoba. Niliuvuka ule mstari mwekundu nayo. Njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa nimeukumbatia mkoba, dereva akaniuliza kama nimebeba mayai.

Yule mama alichukua sabo mpya kwenye rundo lake, nyeupe, namba arobaini na moja, akaifunika na yangu soli kwa soli, visigino sawasawa. Yangu ilikuwa fupi. Si kidogo. Mbele ilibaki nafasi ya dole gumba zima. Namba ilikuwa ileile, arobaini na moja, lakini kwenye yangu hata tarakimu zenyewe zilikuwa zimesinyaa.

Aliigeuza, akaibonyeza. Yangu ilikuwa ngumu, imekakamaa, soli imejipinda kidogo kama kipande cha mkate wa juzi.

"Nani anakupikiaka biatu, Maman?" aliniuliza.

Sikumwelewa. Akanieleza, na alinieleza polepole kama unavyomweleza mgonjwa. Sponji hii haipendi moto. Mwenzake mmoja aliwahi kuyaacha mafurushi ndani ya gari lililofungwa, juani, upande wa Bugarama ambako jua halina huruma, akakuta viatu vya watu wazima vimekuwa vya watoto. Nilikaa kwenye kigoda chake. Sikujua nicheke au nilie. Miezi yote ile nimekula maharagwe bila chumvi.

Nilirudi hospitali saa hiyohiyo. Ilikuwa jioni, mvua imeanza, na bloku kulikuwa kimya, hakuna aliyekuwa ananitarajia. Nikabadilisha kwenye mstari, nikavaa zile za wageni. Nilimkuta mama wa usafi katika chumba cha kuchemshia vyombo. Ni mjane kutoka Gikundamvura, mtu wa maneno machache, anakuja kila siku kwa gari la asubuhi. Alikuwa ameinama anaangalia chini ya rafu, na uso wake ulikuwa na wasiwasi. Juu ya ile mashine ya mvuke inayoua vijidudu, juu kabisa kwenye bati ambalo ukiweka mkono unautoa haraka, palikuwa pamekaa sabo moja nyeupe ya kushoto. Yeye alikuwa anatafuta ya kulia.

Nilimfokea. Nilimfokea vibaya, sitarembesha. Nilimuuliza kama anajua ile mashine ni ya nini, kwamba vyombo vinavyoingia tumboni mwa watu vinatoka humo, na yeye anaweka viatu juu yake. Alisimama na mikono ameikunja mbele ya aproni, ananisikiliza, na nilipomaliza akasema kitu kimoja.

"Wewe ulisemaka baridi inakuluma miguu, Maman."

Ni kweli niliwahi kusema. Nilisema miaka minne nyuma, mara moja, mwezi wa mvua, nikivaa sabo zenye majimaji ya jana. Nililisema kama mtu anavyolaumu mvua. Yeye alilichukua. Tangu siku ile, kila jioni akishaosha viatu vyetu vyote kwa dawa ya javel, vya wenzangu aliviacha kwenye rafu vikauke vinavyoweza, vyangu alivipandisha juu ya mashine. Vyangu peke yake. Zile nyeusi za zamani zilikuwa mpira mzito, zilivumilia. Na mimi miaka minne nilizikuta kavu kila asubuhi, wenzangu wanalalamika unyevu, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Alinitazama kama vile nimeuliza swali la kijinga.

"Si wewe ulimushika mukono mutoto wangu?"

Binti yake alipasuliwa hapa akajifungua. Nilitafuta kichwani mwangu, nikatafuta, sikumkumbuka. Nawashika mikono wengi kabla dawa ya usingizi haijawachukua. Sikumwambia kwamba simkumbuki. Nilimwonyesha sabo mbili pamoja, ya kulia niliyoitoa kwenye gazeti na ya kushoto yenye moto bado, nikamweleza habari ya sponji. Alifunika mdomo kwa kiganja. Akaniomba nisimseme kwa mkuu. Yeye ni wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kosa la kuweka viatu juu ya mashine ile si kosa la kuonywa, ni la kwenda nyumbani. Nilimwambia asirudie tena, wala leo wala kesho. Kuhusu kumsema sikujibu, kwa sababu sikujua.

Siku mbili nilizunguka na jambo lile. Barua yangu ilikuwa kwenye meza ya mkuu. Nikitaka niirudishe, lazima niseme kilichobadilika. Nikisema kilichobadilika, mama wa watu anafungasha. Tena kulikuwa na upande mwingine ambao haukuniacha nipumue. Lile ni kosa kweli, na kama ningemkuta mwanafunzi analifanya ningemsema bila kupepesa. Sasa kwa kuwa lilifanywa kwa ajili ya miguu yangu limekuwa dogo? Nilijiuliza hivyo nikipika, nikajiuliza hivyo misumari ikiwa mdomoni nikitundika pazia.

Jumatano nikaingia ofisini kwake. Nilimwomba barua yangu.

"Kimetokea nini?" aliuliza. "Miguu haiponi kati ya Ijumaa na Jumatano, Maman."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, yote yakakimbia. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nilikosea namba. Kwamba nilinunua sabo ndogo.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Alitabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha. Nikaona anakumbuka lile koleo. Akafungua faili, akanirudishia barua, na wakati ananipa hakuiachia upesi, tukawa tumeishika wote wawili.

"Mtu anajua namba ya kiatu chake," alisema taratibu. "Na wewe ndiye unayenihesabia."

Nilijua anachosema. Kabla ya kumfunga mgonjwa tumbo, nahesabu komprese, vile vitambaa vya kufyonza damu. Zilizoingia lazima zilingane na zilizotoka. Kimoja kikibaki ndani, mtu anaoza taratibu na hajui kwa nini. Mimi nahesabu, nasema zimetimia, yeye anafunga. Miaka yote hiyo hajawahi kuhesabu nyuma yangu, wala hajawahi kuniuliza mara ya pili. Ningeweza kusema ukweli palepale. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikamwambia asante, Dokta, nikatoka na barua yangu.

Siku iliyofuata kulikuwa na mama wa mapacha. Nilikuwa nimevaa sabo mpya, namba thelathini na tisa, nilizokwenda kuzinunua jioni ileile. Kazi ilienda vizuri, watoto wote wawili walilia, wa kike kwanza. Damu ilikuwa nyingi kidogo, ikatulia. Mikono yangu ilikuwa mbele ya maneno yake kama zamani, na nilisikia furaha, naisema ilivyo, nilisikia furaha ya mtu aliyerudi kwao. Tulipofika mwisho nikahesabu komprese kwa sauti. Ishirini zimeingia, ishirini zimetoka, zimetimia.

Alikuwa ameshashika sindano yenye uzi. Mkono wake ukasimama hewani. Hakuinua macho.

"Hesabu tena, Maman," alisema.

Msaidizi aliyekuwa mbele yangu akatazama chini. Mtu wa dawa ya usingizi akajifanya anaangalia mashine yake. Nikachukua koleo, nikaanza upya, moja moja, nikizinyanyua wote wazione, kuanzia ya kwanza. Ilichukua muda. Zilikuwa ishirini, na miguu yangu haikuuma hata kidogo.